Boila Iwe ya Mwisho Kuambiwa

Imeenea katika nyumba za Uingereza, na hususa miongoni mwetu sisi watu wa pwani tuliohamia huko tukajikuta, kwa ajili ya baridi, wanafunzi wa elimu ambayo wazee wetu hawakuihitaji, itikadi moja iliyo nyepesi kutamka na nzito kung'oa: kwamba themostati ya ukutani ndiyo inayoiwasha boila, na kwamba zile vali za umeme zilizokaa juu ya mabomba kabatini ni wafuasi tu, zitafunguka kwa wakati wake, wala hapana lazima boila izingojee. Wenye itikadi hii si wajinga. Wamo kati yao mafundi wa miaka mingi, na wamo wenye nyumba walio hodari wa bisibisi kuliko mimi. Walakini nimeishika kazi ya waya za nyumba muda wa kutosha kuharibu na kutengeneza, na nadai kinyume cha madai yao: katika nyumba yenye vali za kanda, themostati haina haki ya kuiamrisha boila, haki hiyo ni ya vali, na boila yapasa iwe ya mwisho kuambiwa.

Msomaji aliye Tanga au Lamu, ambaye haja yake ya joto hutimizwa na jua bila ankara, astahimili maelezo kidogo. Boila ni sanduku la chuma lililotundikwa ukutani, aghalabu jikoni, nalo huchoma gesi na kupasha maji. Pampu huyasukuma maji hayo katika mabomba hadi kwenye maredieta ya vyumbani, au hadi kwenye koili iliyo ndani ya tangi la maji ya kuogea. Nyumba ikiwa kubwa hugawanywa kanda: chini kanda moja, juu kanda ya pili, tangi kanda ya tatu. Huko Uingereza sheria za ujenzi zenyewe hutaka nyumba mpya yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 150 isiwe na kanda pungufu ya mbili, kila moja na saa yake na joto lake. Penye kanda pana mlango, na mlango wa kanda ni vali: kipande cha shaba kilichokatiza bomba, na juu yake kisanduku chenye mota ndogo na springi. Mpango wa vali za namna hii kampuni ya Honeywell iliuita S-Plan, na jina hilo mafundi wa nchi nzima hulitumia hata wafungapo vifaa vya kampuni nyingine.

Sasa itazame vali yenyewe, maana yeye ndiye shahidi katika kesi hii. Kutoka katika kisanduku chake hutoka nyaya tano. Wa kahawia huleta umeme wa mota, wa buluu ni niutro, na wa kijani na manjano ni wa ardhi; hizo tatu hazina mgogoro. Mgogoro ni wa mbili zilizobaki, wa kijivu na wa rangi ya chungwa, ambazo mwenye haraka huzikunja, akazifunga utepe, akazisahau. Themostati ya kanda ikihisi baridi hupeleka umeme katika waya wa kahawia. Mota huanza kuzunguka ikishindana na springi, taratibu, kwa sekunde kadhaa. Na inapokaribia mwisho wa mwendo wake, mlango ukiwa umekwisha kufunguka, kijiti kilichomo ndani huibonyeza swichi ndogo, na swichi hiyo ndiyo inayoziunganisha zile nyaya mbili. Wa kijivu ulikuwa unangoja na umeme wa kudumu. Wa chungwa hupokea umeme huo na kuupeleka kwenye boila. Kwa hiyo boila haisikii neno lolote ila kutoka kwa aliyekwisha kufungua njia. Themostati ni mdai, naye ana haki ya kudai. Vali ni shahidi, na bila shahada yake hukumu haipiti. Kadhi gani angekata kesi kwa kauli ya mdai peke yake, ilhali shahidi amesimama mlangoni na kinywa kimefungwa utepe?

Wapinzani wangu hujibu kwanza kwa hoja ya uchache. Mbona, wasema, waya wa themostati usipelekwe mara moja kwenye vali na kwenye boila pamoja, katika skrubu moja? Vali itafunguka, boila itawaka, na katika sekunde hizo chache za tofauti hapana kitakachoharibika. Nakiri kwamba katika nyumba yenye vali moja hoja hiyo ina sura ya ukweli. Lakini tuingie katika nyumba yenye vali mbili, tuone sura hiyo inavyobadilika.

Alinipigia simu mara moja, katika mwezi wa Februari, bibi mmoja wa asili ya Mombasa aliyekuwa akikaa kwa mwanawe katika mji wa katikati ya Uingereza. "Mwanangu," akaniambia, "nimevuka bahari nikaja nchi ya theluji, na chumba changu cha juu ni Kongowea ya Januari. Nalala dirisha wazi." Nikamwuliza themostati ya juu imewekwa kiasi gani. "Imekufa, baba, nimeizungusha hata haina pa kwenda." Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kupita kabla yangu, mmoja alibadili themostati, wa pili akabadili vali, na kila mmoja akalipwa. Nilipofungua kisanduku cha viungo nilikuta kazi safi ya kupendeza, waya zimenyooka kama safu za msikitini: waya wa themostati ya chini, waya wa themostati ya juu, waya wa kahawia wa vali ya chini, waya wa kahawia wa vali ya juu, na waya wa boila, wote watano chini ya skrubu moja. Nyaya za kijivu na za chungwa zilikuwa zimekatwa fupi.

Fikiri yatokeayo. Themostati ya sebuleni yasema nahisi baridi, na umeme wake wafika katika ile skrubu. Kutoka hapo waenda kwenye boila, sawa. Waenda kwenye vali ya chini, sawa. Lakini umeme haujui adabu ya kanda, na kwa kuwa waya wa vali ya juu nao umeshikwa papo hapo, waenda huko pia, na vali ya juu yafunguka kwa amri ya themostati isiyo yake. Bibi aliweza kuizima ya kwake mpaka kiyama; kila sebule ilipotaka joto, chumba chake kilipelekewa. Kanda zilikuwa mbili kwa jina na moja kwa hakika. Wala dawa haikuwa themostati mpya au vali mpya, bali zile nyaya mbili zilizodharauliwa: waya wa kahawia wa kila vali ukae na themostati yake tu, peke yake, na vali zikutane kwenye boila kwa waya za chungwa, baada ya kila moja kupita katika swichi yake. Hapo umeme wa kanda moja hauwezi kurudi nyuma ukaingia nyingine, kwa sababu swichi ya kila vali imetengwa na waya wake wa kahawia. Nilitumia chini ya saa moja. Uchache wa waya ulikuwa umewagharimu miezi.

Na kama tangi la maji lingekuwa limo katika skrubu ile ile, nisingesimulia habari hii kwa mzaha. Matangi ya siku hizi, yale yanayopokea maji kwa shinikizo la bomba la mtaa bila tangi la darini, yana themostati yake ya kawaida, ambayo aghalabu huwekwa nyuzi 60 ili kuua vijidudu, na juu yake yana kikata-joto cha dharura, kilichowekwa kikate umeme wa vali endapo themostati itashindwa. Vali ya tangi hilo hutakiwa iwe ya springi, ijifunge yenyewe umeme ukikatika. Ni ulinzi uliofikiriwa vizuri. Lakini umeme unaopita kinyumenyume kutoka katika themostati ya sebuleni huingia kwenye waya wa kahawia wa tangi baada ya kile kikata-joto. Kikata-joto chaweza kuwa kimekwisha kuruka, kimetimiza faradhi yake, na vali ikabaki wazi kwa umeme wa jirani. Hapo kati ya maji na ngozi ya mwenye nyumba hubaki vali ya mwisho ya kumwaga shinikizo, na kumbuka kwamba maji ya nyuzi 60 tu humchoma mtu mzima kwa sekunde chache. Anayeniambia kwamba mpango wa skrubu moja ni suala la mazoea ya fundi na fundi, namwomba alitafakari tangi hili kabla hajasema tena.

Hoja yao ya pili ni kwamba boila ina akili yake: ina kipima-joto ndani, maji yakipanda mno itajizima, basi hata ikiwashwa vali zote zikiwa zimefungwa hapana hatari. Ni kweli itajizima. Kisha maji yaliyomo yatapoa kidogo, nayo, kwa kuwa amri ya themostati bado ipo, itawaka tena, itajizima, itawaka, usiku kucha, kwa faida ya maji yaliyomo tumboni mwake. Mpishi hawashi jiko kisha akaenda kutafuta chungu, akajitetea kwamba kuni zikiisha moto utazimika. Na wakikwambia kwamba bomba la mchepuko litayapitisha maji, uliza mchepuko huo uliwekwa kwa kazi gani. Boila nyingi, moto wake ukizimika, huiacha pampu iendelee dakika chache ili kuondoa joto lililobaki katika chuma, na wakati huo vali zimekwisha kufungwa. Mchepuko uliwekwa uyapitishe maji hayo ya kuaga. Kuufanya uwe barabara kuu ni kuyarudisha maji kwenye boila yakiwa moto kama yalivyotoka. Boila za tangu 2005, mwaka ambao Uingereza ilianza kulazimisha aina ya kukamua joto la mvuke, hupata faida yake pale tu maji yarudiyo yanapokuwa chini ya takriban nyuzi 55; yakirudi moto kuliko hivyo, mvuke hutoka nje na joto lake, na mwenye nyumba hulipia wingu lililo juu ya paa la jirani. Kwa sababu hiyo kanuni za ujenzi hazikuliacha jambo hili kwa hiari ya mtu: zataka boila na pampu zisimame pasipo kanda inayodai joto.

Huinuka hapo msomi kati yao, na huyu namheshimu, akaleta hoja ya Y-Plan. Katika mpango huo, asema, vali ni moja yenye njia tatu, na themostati ya tangi huipelekea boila umeme moja kwa moja bila kupita katika swichi ya vali yoyote. Ikiwa ni halali pale, kwa nini iwe haramu hapa? Ameona sawa, na amefahamu nusu. Vali ya Y-Plan ikiwa imelala, bila umeme, springi yake huiweka upande wa tangi. Njia ya maji ya kuogea imo wazi tangu kabla ya mtu kudai. Hapana mlango wa kungojea, ndiyo maana hapana shahidi. Lakini mtazame upande wa pili wa vali hiyo hiyo: maredieta yanapodai peke yake, umeme huingia kwa waya mweupe na wa kijivu pamoja, vali husogea hadi mwisho wa upande wa vyumba, na boila huambiwa kwa waya wa chungwa utokao ndani ya vali, si kwa themostati. Aliyeubuni mpango ule alijua barabara wapi panahitaji shahada na wapi hapahitaji. Mfano walioniletea ni shahidi wangu.

Nimejiuliza mara nyingi itikadi hii ilitoka wapi, nami naona ilikuwa kweli zamani. Mwaka 1885 huko Minneapolis, Albert Butz alibuni kifaa cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri la makaa kwa amri ya themostati, na kutoka katika kazi yake ilizaliwa hatimaye ile kampuni yenye jina la Honeywell. Tanuri lilikuwa moja, nyumba moja, na joto lilijipandia lenyewe. Themostati ilisema na moto ana kwa ana kwa sababu hapakuwa na mtu wa tatu kati yao. Tulipotia pampu, tukatia vali, tukagawa kanda, tuliweka watu wa tatu na wa nne, lakini usemi wetu ukabaki wa mwaka ule. Hata leo mtu husema "washa themostati" akimaanisha moto.

Kuhusu themostati za kisasa zenye kusema na simu ya mkononi sina maneno mengi. Ziwe na akili kiasi gani, mwishoni hutoa waya uleule mmoja, na haziwezi kuona kama vali iliyo chini ya ngazi imekwama. Kadhalika visanduku vya kupasha sakafu, ambavyo vali zake ndogo hufunguliwa polepole na nta inayopanuka, na ambavyo huihesabia boila dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu: huko saa imewekwa mahali pa shahidi. Navikubali kwa shingo upande.

Hoja moja ya wapinzani naikubali bila shingo upande. Swichi ndogo iliyomo katika vali ni kifaa dhaifu, huchoka, yaweza kuganda ikiwa imeshika, na hapo boila huwaka hali themostati zote zimelala, au yaweza kukataa kushika, na nyumba ikapoa ilhali vali i wazi. Nimebadili nyingi. Lakini shahidi akizeeka hubadilishwa, haifutwi mahakama. Katika vali nyingi za sasa kichwa chenye mota na swichi hutoka peke yake, bila kumwaga maji, na kosa hujionyesha kwa dalili zilizo wazi, ambapo kosa la skrubu moja hujificha hata likamlipisha bibi wa watu mafundi wawili.

Yapo mawili ambayo wenzangu wa upande huu wa hoja hatuna budi kuyasema dhidi ya nafsi zetu, kwa sababu waya za kijivu na chungwa zina hatari yake. La kwanza ni kwamba si boila zote hupokea amri ya volti 230. Nyingine hutoa volti ndogo katika skrubu zake mbili na kungoja ziunganishwe tu, kama mikono miwili ishikanishwe. Mwenye kuzileta waya za chungwa zenye umeme wa nyumba katika skrubu hizo huiunguza saketi ya ndani kwa kufumba na kufumbua, na bei yake hainenwi mbele ya mgonjwa. Katika boila hizo wa kijivu hauchukui umeme wa kudumu. Wa kijivu na wa chungwa huwa mlango mtupu. Soma kitabu cha boila kwanza, wala usiseme kwamba jana kwa jirani ilifanya kazi. La pili, hizo waya na ziwe zote zimelishwa kutoka swichi moja, yenye fyuzi moja, aghalabu ya ampea 3. Nimewahi kuona kanda ya chumba kilichoongezwa nyuma ya nyumba ikilishwa kwa saketi nyingine. Fundi aliizima boila, akafungua kisanduku kwa amani, na waya wa kijivu ulikuwa bado hai. Rangi nazo zisiaminiwe. Sisi tuliojifunza kwa waya mwekundu na mweusi twajua jinsi rangi zilivyogeuzwa huko Uingereza tangu 2004, na katika nyumba ya zamani utakuta dini mbili katika kisanduku kimoja. Kipimo kwanza, kidole baadaye. Na kifuniko cha boila penye gesi asikiguse asiyeandikishwa kwa kazi hiyo, hata awe bingwa wa umeme.

Hayo ndiyo madai yangu, na wewe usiyachukue kwa kauli yangu. Jioni moja ya baridi, saa ya kupashia ikiwa imewashwa, nenda kwa kila themostati ya nyumba yako, na ile ya tangi pia, uzipeleke zote mwisho wa chini. Kisha keti karibu na boila dakika 10, usikilize. Pampu ikiendelea kidogo, iache, ina ruhusa. Lakini moto ukiwaka tena, mwite fundi. Na fundi huyo akianza kukueleza kwamba themostati ndiyo inayoiwasha boila, mpe chai, mlipe nauli yake, umtafute mwingine.